Jinsi ya kuchagua chaja ifaayo betri ya boti

Gari likikataa kuwaka barabarani, abiria huteremka wakalisukuma. Boti ikizimika katikati ya maji, hakuna wa kuisukuma, na mara nyingi redio ya kuitia msaada hutegemea betri iyo hiyo. Betri ya boti aghalabu huharibika mapema si kwa uzee, bali kwa kutiwa umeme kwa chaja isiyolingana nayo.

Jambo la kwanza ni aina ya betri. Betri ya asidi na risasi, yenye vifuniko vya kutilia maji, huchajiwa hadi takriban volti 14.4 au zaidi kidogo. Ya jeli haistahimili kuzidishiwa, kwani hufanya viputo ndani na uwezo wake ukapungua. Ya lithiamu huhitaji chaja iliyoundiwa lithiamu. Maagizo ya mtengenezaji wa betri ndiyo ya kufuatwa.

Pili ni volti. Chaja ya volti 12 haifai mfumo wa volti 24. Aidha, umeme wa nyumbani nchini Kenya ni volti 240; chaja ya Marekani iliyoundiwa volti 120 pekee itaungua papo hapo.

Tatu ni ampea. Kwa betri ya asidi, kipimo cha kawaida ni kati ya sehemu moja ya kumi na moja ya tano ya ujazo wake. Hivyo basi, betri ya ampea-saa 100 huhitaji chaja ya ampea 10 hadi 20. Iliyo ndogo mno hukawia. Iliyo kubwa mno huichemsha betri.

Nne, chaja iwe na hatua tatu. Kwanza humimina umeme kwa nguvu. Kisha hushikilia volti huku ampea zikipungua. Mwishowe hushuka hadi karibu volti 13.5 ili kuidumisha betri ya asidi iliyojaa. Chaja duni huendelea kusukuma umeme hadi maji yakauke na vibao vya risasi kuachwa wazi.

Katika fuo zisizofikiwa na nyaya za umeme, kama zile za wavuvi wa omena wanaotumia taa za betri Ziwa Victoria, paneli ya sola huweza kutumika. Hata hivyo, isiungwe moja kwa moja na betri; sharti pawepo kidhibiti kinacholingana na aina ya betri.

Hali kadhalika, chaja inayokaa botini iwe imezibwa dhidi ya chumvi na maji. Betri ya asidi inapochajiwa hutoa haidrojeni, gesi inayolipuka kwa cheche ndogo. Kwa hivyo, chumba kiwe wazi, na vibanio vifungwe kabla ya swichi kuwashwa. Maji yakipungua, yaongezwe yaliyokenekwa pekee. Ya bahari yakichanganyika na asidi hutoa gesi ya klorini, ambayo ni sumu.

Hatimaye, betri ya asidi iliyopungua isilazwe hivyo kwa siku kadhaa. Chumvi ya salfa hugandamana kwenye vibao vyake, na hapo hata chaja iliyo bora haitaifufua.