Latrigg: Kilima cha Familia na Njia Iliyogombaniwa

Latrigg ni kilima chenye kimo cha mita 368, juu ya mji wa Keswick katika Lake District, eneo la milima na maziwa kaskazini magharibi mwa Uingereza. Mbele ya mlima Skiddaw ulio nyuma yake, wenye mita 931, Latrigg ni kichuguu tu, na udogo huo ndio uliokipatia wageni. Mtu hutoka mjini kwa miguu, akaifuata njia iitwayo Spooney Green Lane, akapanda kimo kisichofika mita 300, kisha akatokea kwenye majani mafupi ambapo ziwa Derwentwater lote huonekana. Watoto hupanda, wazee hupanda, na mbwa ndiye hutangulia.

Kupanda kilima kwa kujifurahisha hakukuwa desturi ya wenyeji. Mchungaji alipanda kwa ajili ya kondoo wake, na mchimbaji alifuata grafiti iliyotengenezewa penseli za Keswick. Mwishoni mwa karne ya 18 ndipo walipoanza kuja wachoraji, washairi na watu wenye nafasi, wakitafuta mandhari. Reli ilifika Keswick mwaka 1865, na tangu hapo hata familia za miji ya viwanda ziliweza kuja. Nyumba za kulala wageni zikaongezeka, na biashara ya mji ikaanza kutegemea mguu wa mgeni.

Hapo ndipo mgogoro ulipozuka. Ardhi ya Latrigg ilikuwa mali ya ukoo wa Spedding, na katika miaka ya 1880 njia za kilimani zilifungwa. Sheria ya Uingereza, kwa upande wake, ilitambua kwamba njia iliyotumiwa na watu kwa miaka mingi bila kuzuiwa huwa njia ya umma, hata kama inapita katika shamba la mtu. Kwa hiyo swali halikuwa nani mwenye ardhi, hilo halikubishaniwa. Swali lilikuwa kama watu walikuwa wakipita hapo tangu zamani. Aliyekubali kimya njia ifungwe alikuwa akiupoteza ushahidi wake mwenyewe.

Chama cha kulinda njia za miguu cha Keswick kiliamua kutonyamaza. Katibu wake, Henry Irwin Jenkinson, alikuwa mwandishi wa vitabu vya kuwaongoza wasafiri, kwa hiyo alizijua njia hizo vizuri kuliko wengi. Tarehe 1 Oktoba 1887 watu wapatao 2,000 walipanda Latrigg kwa maandamano, wakiondoa vizuizi vilivyowekwa njiani. Miongoni mwao alikuwamo Samuel Plimsoll, mbunge wa zamani aliyepigania alama ya kuzuia meli zisipakiwe kupita kiasi. Hawakuwa wahuni: wengi walikuwa watu wa heshima wa mjini, na walitaka washtakiwe ili mahakama iamue.

Walishtakiwa kweli. Kesi ilifika Carlisle mwaka 1888 na ikaishia kwa suluhu: njia ya Spooney Green Lane hadi kileleni ikabaki wazi kwa umma, na njia nyingine iliyogombaniwa ikabaki ya mwenye ardhi. Ushindi ulikuwa nusu, lakini nusu hiyo ndiyo inayokanyagwa hadi leo. Kasisi Hardwicke Rawnsley, mmoja wa viongozi wa chama hicho, alishirikiana na Octavia Hill na Robert Hunter kuanzisha mwaka 1895 National Trust, shirika ambalo sasa linamiliki sehemu kubwa ya Lake District.

Vitabu vingi huanza hadithi ya haki ya kutembea milimani na mlima Kinder Scout, ambako mnamo 24 Aprili 1932 mamia ya vijana wafanyakazi waliingia katika ardhi iliyozuiwa, na watano wakafungwa jela. Tukio hilo linastahili sifa zake, ila Latrigg ililitangulia kwa miaka 45. Sheria ya hifadhi za taifa ilipitishwa mwaka 1949, Lake District ikawa hifadhi mwaka 1951, na sheria ya mwaka 2000 ikafungua nyanda za juu hata nje ya njia.

Mbwa naye ana historia yake milimani. Kwanza alikuwa wa kazi, msaidizi wa mchungaji. Mbwa wa mtembezi alipata sifa mwaka 1805, mwili wa mtembezi Charles Gough ulipopatikana kwenye mlima Helvellyn miezi mitatu baada ya kupotea, huku mbwa wake angali hai kando yake. Washairi Wordsworth na Walter Scott walimtungia mbwa huyo mashairi ya kusifu uaminifu. Gazeti moja la Carlisle lilidai kwamba mbwa huyo alikuwa amemla bwana wake, lakini watu walichagua kukumbuka mashairi. Mwaka 1890 Rawnsley alishiriki kusimamisha jiwe la ukumbusho huko.

Wafugaji hawakuwa na mapenzi hayo. Kondoo mwenye mimba akikimbizwa na mbwa anaweza kuiharibu, hata kama hakuumwa. Sheria ya mwaka 1953 ilifanya kuwa kosa kwa mwenye mbwa kumwacha asumbue mifugo katika ardhi ya kilimo. Ile ya mwaka 2000 iliongeza kwamba, katika ardhi iliyofunguliwa, mbwa afungwe kamba isiyozidi mita 2 kuanzia 1 Machi hadi 31 Julai, na wakati wowote akiwa karibu na mifugo. Kwenye njia ya umma kama Spooney Green Lane kamba si lazima kisheria, mradi mbwa awe chini ya uangalizi. Lakini kondoo hulisha kote Latrigg, na sheria ya mwaka 1971 humlinda mfugaji, kwa masharti, akimpiga risasi mbwa anayewashambulia.