Lobito kwa Macho ya Mutoshi

Mutoshi, pembeni mwa Kolwezi, zamani iliitwa Ruwe. Ukiuliza huko bandari yetu ni ipi, dereva wa lori atakutajia Dar es Salaam au Durban. Mzee aliyestaafu kampuni ya madini ya Gécamines atasema Lobito, kule Angola, na mzee hakosei. Robert Williams, Mskoti ambaye kampuni yake ya Tanganyika Concessions ilianza kutafuta madini Katanga mwaka 1899, ndiye huyo huyo aliyepewa na Ureno idhini ya kujenga reli ya Benguela, ianzayo Lobito, mwaka 1902. Reli ilifika mpakani mwa Kongo 1929, ikaungana na ya Katanga 1931. Vita vya Angola vilipoanza 1975 ikakatika. Mwishoni mwa 2023 shaba, ya mgodi wa Kamoa-Kakula, ilipitishwa tena humo kwa majaribio kutoka Kolwezi, ikafika pwani ya Atlantiki kwa muda wa siku 8 hivi.

Basi tuseme mtu wa Mutoshi amefika Lobito na ana siku nzima ya kutembea bandarini. Aitazameje? Kiswahili kimeshafundisha namna mbili za kuutazama mji wa wenyewe, na namna hizo hazifanani.

Ya kwanza ni ya pwani. Amur bin Nasur, mwenyeji wa Unguja aliyefundisha Kiswahili Berlin katika miaka ya 1890, aliandika habari za maisha yake na maajabu ya mji huo. Selim bin Abakari alifuatana na bwana wake Bumiller hadi Urusi na Siberia mwaka 1896, na Carl Velten akaichapisha safari hiyo 1901. Hawa ni watu waliokulia penye jahazi. Wamezoea vyombo kuja na kaskazi na kurudi na kusi, wamezoea wageni wa kila rangi sokoni, kwa hiyo ugenini hawababaiki. Wanaangalia watu wanavyokula, wanavyovaa na wanavyosali, kisha wanapima yote kwa kipimo cha kwao. Selim alikuwa mtumishi, lakini ukimsoma unamwona muungwana aliyetoka matembezini, na Warusi ndio wanaochunguzwa. Kusoma maandishi hayo ni raha tupu. Tusisahau tu kwamba waliotaka yaandikwe walikuwa Wajerumani, na mgeni mwenye adabu hamsemi mwenyeji wake mbele ya watu.

Ya pili ilizaliwa mgodini. Mwaka 1965 André Yav alitoa kijitabu kiitwacho Vocabulaire de ville de Elisabethville (ndiyo Lubumbashi ya leo), kwa niaba ya waliowahi kuwa maboyi katika nyumba za Wazungu. Kwa kazi, hao ni wenzake Selim kabisa. Lakini Yav hatembei mjini, anaudai mji. Nani aliujenga, kwa mshahara gani, kwa posho kiasi gani, na nani alionewa? Kiswahili chake ni cha Lubumbashi, wala hakiombi radhi kwa sarufi ya Unguja. Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji aliyekuwa akiishi Kolwezi mwanzoni mwa miaka ya 1970, alifanya kazi hiyo hiyo kwa rangi juu ya magunia ya unga. Alichora hata wafanyakazi wa kampuni ya madini ya Union Minière waliopigwa risasi katika mgomo wa Desemba 1941. (Yav na Tshibumba wote wawili tumeletewa vitabuni na Mjerumani, Johannes Fabian, kama Selim alivyoletwa na Velten. Katika hilo pwani na Katanga hazikuachana mbali.)

Turudi Lobito. Jicho la pwani lingestarehe Restinga, ulimi wa mchanga unaoikinga bandari na mawimbi, penye nyumba za enzi za Wareno. Lingehesabu meli, lingeikumbuka Forodhani ya Unguja, na jioni lingekuwa na hadithi nzuri. Jicho la Yav lingeenda moja kwa moja kwenye reli, kwenye mabamba ya shaba yaliyofungwa kwa kamba za chuma. Huko lingekutana na jina la Trafigura, mmoja wa wabia watatu waliopewa kuendesha reli hiyo kwa miaka 30. Mtu wa Mutoshi analijua jina hilo. Kampuni hiyo ilishirikiana na kampuni ya Chemaf na shirika la Pact katika mradi wa wachimbaji wadogo wa Mutoshi, ulioanza 2018, ukazungushia eneo uzio na kuwaruhusu wanawake kuingia, halafu ukasimama 2020 wakati wa Korona. Kama enzi za Williams, jina lililokuwa shimoni ndilo hilo hilo lililoko gatini.

Biden, akiwa Rais wa Marekani, alipofika Lobito Desemba 2024, naye alipelekwa kuona shughuli za bandari. Kwa hiyo kutazama shehena si ushamba.

Kwa bandari, mimi namchagua Yav. Ila ana upungufu wake: hajui kupumzika. Mchimbaji naye ana haki ya kukaa Restinga mchana kutwa, miguu majini, bila kumdai mtu hesabu, na katika hilo Selim ni mwalimu bora.

Enyi vijana wa Kolwezi, wa Manika na Dilala, mtakaofika Lobito andikeni mlichokiona, kwa Kiswahili chenu hicho hicho, msingoje mtu wa Ulaya aje kuwaomba.