Nguruwe na Ardhi ya Pori: Habari za Tangu Zamani

Katika mkutano mkuu, ndugu kadhaa walionunua mashamba huko Machakos na Kajiado waliuliza: ni nguruwe wa aina gani afaaye kusafisha pori na kufukua ardhi ngumu kabla ya jembe kuingia? Wazee waliagiza swali hilo lijibiwe katika kitabu hiki cha mwaka. Wenzetu Waislamu wa Pumwani na Majengo watuwie radhi. Tunaandika habari za kilimo, wala hatumwalika mtu mezani.

Kwamba nguruwe ajua kulima, hilo halina ubishi. Pua yake ina nguvu kama sururu, naye hufukua usiku na mchana akitafuta mizizi na wadudu. Hata sangari, ambayo jembe huikata vipande ikaota tena, yeye huing'oa akaila mizizi yake. Ndiyo maana wakulima wengine huko Ulaya humtia pete puani ili asiharibu malisho. Anayetaka shamba lifukuliwe asimtie. Waingereza humsifu Tamworth, mwekundu mwenye pua ndefu iliyonyooka, na Large Black, mweusi mtulivu ambaye masikio yake humfunika macho hata asiwe mwepesi wa kutoroka. Rangi nayo si urembo: nguruwe mweupe akishinda juani ngozi yake huungua, ilhali mweusi na mwekundu huvumilia.

Lakini tulipochunguza historia ya nchi yetu tuliona kwamba swali la aina si la kwanza. Walowezi walileta nguruwe mwanzoni mwa karne ya ishirini, na wengi wao waliachwa watembee na kujilisha porini, kama ilivyokuwa desturi kwao. Kisha ikazuka homa isiyojulikana. Daktari wa mifugo wa serikali, R. Eustace Montgomery, alichunguza mikurupuko iliyotokea kati ya mwaka 1909 na 1915, akachapisha habari zake mwaka 1921. Katika nguruwe 1,366 alioandika habari zao, 1,352 walikufa. Wazee na waitazame hesabu hiyo vizuri: waliopona ni 14 tu.

Montgomery aliona kwamba chanzo chaelekea kwa wanyama wa mwitu. Ngiri hubeba vijidudu vya homa hiyo bila kuugua, wala humwoni dalili yoyote. Baadaye, mwaka 1969, Walter Plowright, aliyefanya kazi Muguga, hapo jirani yetu, pamoja na wenzake, walieleza kwamba wamevikuta vijidudu hivyo ndani ya papasi waliokusanywa katika mashimo ya wanyama huko Tanzania. Basi nguruwe wa shambani akifukua penye shimo la ngiri, huenda anafukua kifo chake. Dawa ya kuitibu homa hiyo haipo. Nayo haikukaa Afrika: mwaka 1957 ilifika Ureno, ambako nguruwe karibu na Lisbon walilishwa mabaki ya chakula cha ndege za abiria, na mwaka 2018 iliingia China.

Habari ya mabaki inatuhusu sisi wa mjini kuliko tunavyodhani. Wako ndugu wanaokusanya makombo ya hoteli wakayapeleka shambani. Kipande cha nyama ya nguruwe mgonjwa, hata kilichotiwa chumvi, chaweza kubeba ugonjwa kwa muda mrefu. Makombo yachemshwe hasa, si kupashwa moto tu.

Turudi kwenye aina. Biashara ya nguruwe ya walowezi ilielekea kiwanda cha bekoni cha Uplands, karibu na Limuru. Wazee wetu wanalikumbuka jina hilo kwa jambo jingine: Septemba 1947 wafanyakazi wa hapo waligoma, baada ya Chege Kibachia wa chama cha African Workers' Federation kukamatwa, na polisi wakawapiga risasi, watu wakafa. Kwa habari ya nguruwe mwenyewe, kiwanda cha bekoni hupenda mnyama mrefu, mweupe, asiye na mafuta mengi. Hivyo waliotamalaki ni Large White, na Landrace pamoja naye, waliochaguliwa kwa ajili ya mbavu zao, si kwa ajili ya pua. Tamworth tunamsoma vitabuni tu.

Kwa hiyo ushauri wetu ni huu. Yeyote asiye na ngiri karibu na atafute chotara wa Duroc, aliye mwekundu na mgumu wa jua, naye hupatikana kwa wafugaji wa hapa. Achukue wachanga waliokwisha kuachishwa ziwa, maana jike mzito hushindilia udongo wakati wa mvua. Awazungushie kipande kidogo, na kikiisha kufukuliwa awahamishe kabla hakijawa tope. Ua uwe wa seng'enge, waya wa chini uzikwe ardhini, na nje yake uwepo ua wa pili, ili pua ya mnyama wa mwitu isigusane na ya nguruwe. Kivuli na maji visikosekane, kwa kuwa nguruwe hatoi jasho la kumpoza.

Tulipiga hesabu ya nyaua mbili za eka moja pamoja na fundi mmoja mwanachama. Gharama yake ilizidi bei ya nguruwe wenyewe. Ndugu wa Kajiado, ambao ngiri hupita mashambani mwao kila jioni, twaona heri wakodi trekta.