Tanzia katika Gazeti la Biashara ya Muziki

Gazeti la Billboard lilipoanzishwa Cincinnati, Marekani, mwaka 1894, halikuwa la muziki hata kidogo. Lilikuwa la wabandika matangazo. Baadaye likawa la watu wa sarakasi na maonyesho, ambao walihamahama mji hadi mji, hata barua zao zikawa zikipitia kwenye gazeti hilo. Basi tanzia ilikuwa na kazi kubwa. Safu yake ilipewa jina lenye maana ya pazia la mwisho, na aliyekuwa safarini alisoma humo kwamba mwenziwe hayupo tena.

Mwaka 1961 habari za maonyesho zilitengewa gazeti lake, Billboard likabakia na muziki. Tanzia nazo zikafuata biashara. Walimu wenzangu watatambua uchache wa vitenzi vyake: marehemu alianzisha, aliuza, aliongoza. Nilizoea kuudharau mtindo huo mkavu. Siku hizi nasita. Mwimbaji akifa, santuri zake huendelea kusikika; aliyezisambaza madukani hakuacha sauti, ila mistari michache yenye jina lake, umri, cheo, na orodha ya waliofiwa.