Kamati na Wadhamini katika Mitaa ya Eastlands

Hisani ya kwanza iliyopangwa katika mitaa ya Eastlands, Nairobi, iliendeshwa na watu wasioishi huko. Pumwani ilipofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 kuwa makao ya Waafrika, huduma za jamii zilishikwa na Manispaa na wamisheni. Baadaye Waafrika walipewa mabaraza ya ushauri. Walisikilizwa, lakini fedha ziliamuliwa kwingine.

Uongozi wa wenyeji ulikua kando, katika vyama vya kikabila kama Luo Union. Kazi yao kubwa ilikuwa msiba: kuchangisha nauli ya kumfikisha marehemu kwao mashambani. Mwenyekiti, katibu na mweka hazina walichaguliwa na wachangaji wenyewe, na hesabu zao hazikuhitaji mkaguzi msomi, kwa kuwa maiti ama ilifika nyumbani au haikufika. Ugumu ulianza vyama vilipotaka kumiliki mali. Ambrose Ofafa, diwani ambaye jina lake lingalipo katika mitaa ya Ofafa Jericho na Ofafa Maringo, alipouawa mwaka 1953, Luo Union ilichangisha fedha za kumjengea ukumbi wa kumbukumbu mjini Kisumu. Mchango wa mazishi huisha kwa siku chache. Jengo hudai wadhamini wa kulishika hata waliolichangia wakishafariki.

Sheria ya Vyama ya 1968 ilidai mkutano mkuu kila mwaka na vitabu vya hesabu ambavyo mwanachama angeweza kuvikagua. Mwaka 1980 serikali ya Rais Moi ilivipiga marufuku vyama vya kikabila, na mazishi yakabaki kwa kamati za jamaa na majirani, zinazoundwa kwa msiba mmoja tu.

Wakati huo hisani ya namna nyingine ilikuwa imeshika mizizi. Undugu Society, iliyoanzishwa mwaka 1973 na Padri Arnold Grol, Mholanzi, ilihudumia watoto wa mitaani na vijiji vya mabanda vya Pumwani na Mathare. Fedha zilitoka kwa wafadhili wa ng'ambo, hivyo bodi iliwajibika kwao kuliko kwa waliosaidiwa. Kiti cha mkurugenzi kilipita kwa mgeni mwingine kabla ya kumfikia Mkenya, Ezra Mbogori.

Jaribio la ujasiri zaidi lilifanyika Mathare. Chama cha michezo cha MYSA, kilichoanzishwa mwaka 1987 na Mkanada Bob Munro, kiliwaachia vijana wenyewe uchaguzi wa viongozi, kuanzia kamati za kanda hadi baraza kuu. Timu ilipata pointi za ligi kwa kusafisha mtaa, si kwa mabao peke yake, na waliosimamia ratiba, usafi na nidhamu walikuwa mara nyingi matineja. Hapo kijana alijifunza kuitisha kikao na kuulizwa maswali na wenzake, shule ambayo bodi nyingi za watu wazima hazikuwahi kuipitia. Hata hivyo uchaguzi haukumaliza uzito wa mwanzilishi: Munro alikaa miaka mingi kwenye kiti cha mwenyekiti wa Mathare United, klabu iliyozaliwa na MYSA mwaka 1994.

Sheria ilifuata polepole. Ile ya mashirika yasiyo ya kiserikali ilipitishwa mwaka 1990. Mrithi wake, Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma, ilitiwa saini mwaka 2013 ikakaa kabatini hadi Mei 2024 ndipo ikaanza kutumika. Vikundi vidogo vya mtaani vilitungiwa sheria yao ya usajili mwaka 2022.