Sahani, Zamu na Majina

Kwenye kibanda hapa Kaptembwo, sahani zilizooshwa hupangwa moja juu ya nyingine. Ya mwisho kuwekwa ndiyo ya kwanza kuchukuliwa. Lugha ya kompyuta iitwayo Forth hupiga hesabu hivyo hivyo. Chapo tatu za bob 20 na madondo ya bob 40? Unaandika 3 20 * 40 + na 100 inabaki juu ya rundo. Rundo hilo ndilo staki.

Mmarekani Charles Moore alianza kuijenga Forth miaka ya 1960, na kufikia 1971 ilikuwa ikiendesha darubini ya redio huko Kitt Peak, Arizona. Kompyuta za enzi hiyo zilikuwa na nafasi finyu. Kwenye IBM 1130 jina la faili halikuzidi herufi tano, ndiyo maana “Fourth” ikapoteza U. Staki iliokoa nafasi: namba haikuhitaji jina, ilingoja zamu tu. DUP hunakili ya juu, SWAP hubadilishana mbili za juu, ROT huibua ya tatu.

Lakini kuna msomaji. Tuseme idadi, bei na madondo tayari ziko kwenye staki, kwa mpangilio huo. Jibu ni ROT ROT * +. Ni sahihi, ila rudi wiki ijayo ujaribu kulielewa. Ukitumia vigeu vya ndani, unazipa namba hizo majina kwanza, kisha unaandika idadi bei * madondo +. Hapo hata mama wa kibanda atafuata.

Moore alivipinga vigeu hivyo. Kwake, neno likihitaji majina basi ni refu mno; likatwe vipande. Mtu wa pili kuandika Forth alikuwa Elizabeth Rather, aliyeanza kwa kutunza programu za Moore. Baadaye aliongoza kamati iliyotoa kiwango rasmi cha 1994. Vigeu vya ndani vimo humo, lakini kama hiari.

Mimi niliacha chuo. Nimejifunza kwa kusoma programu za watu nisiowajua, usiku, kwenye simu, bila mwalimu wa kuuliza. Mashine haijali kama namba inaitwa bei. Mimi najali, kwa sababu aliyeandika hayupo anieleze. Kwa hivyo DUP moja naivumilia, hata SWAP. Ikifika ROT ya pili, naweka majina.