Chumba-mji, si Patakatifu

Wapo wanakamati wa istilahi waliokaa kwenye meza ndefu, wakanywa chai yao, wakaafikiana kwamba garbhagriha, yaani chumba cha ndani kabisa cha hekalu la Kihindu anamokaa mungu mwenye hekalu, kiitwe kwa Kiswahili "patakatifu pa patakatifu". Neno baya likibaki kwenye orodha ya istilahi laweza kulala humo miaka bila kumdhuru mtu. Hili halikubaki. Limeshuka mpaka kwenye masomo ya vitendo, ambako wanafunzi hupewa maboksi, gundi na udongo wa mfinyanzi wajenge mfano wa hekalu la India ya zama za kati, na huko ndiko ubovu wake unakoonekana kwa macho. Mtoto aliyeambiwa atengeneze patakatifu ana kila sababu ya kukata boksi pana, kulitoboa madirisha, kulipaka rangi ya dhahabu na kuacha nafasi ya waumini, kwa kuwa ndivyo sikio lake linavyozijua nyumba za ibada. Kitu chenyewe ni kinyume kabisa: chumba kidogo cha mraba, kuta nene, ndani hakuna marembo ya maana, dirisha hakuna, mlango ni mmoja, mara nyingi ukitazama mashariki, na kilichobaki ni giza.

Turudi kwenye Kisanskriti, lugha ya neno garbhagriha, maana inaelekea wenzetu walipita bila kubisha hodi. Garbha ni mimba, ni kijusi, ni tumbo la uzazi, na kwa kupanuka kwa maana ni kiini cha kitu chochote. Griha ni nyumba. Utakatifu haumo katika nusu yoyote ya neno hili. Wala mimba hiyo si pambo la lugha lililochakaa, kwani waashi na makuhani waliichukulia kwa uzito wote. Vitabu vya kale vya ujenzi vya Kusini mwa India, kama Mayamata, vinaeleza ibada iitwayo garbhanyasa, yaani kuweka mimba: kijisanduku chenye vijumba vidogo vidogo, ndani yake nafaka, madini na vito, hufukiwa jengo likiwa bado changa. Hekalu, kwa hiyo, hutungwa mimba kabla ya kusimama. Mwalimu anaweza kumpa mwanafunzi kiberiti kitupu, punje za mpunga na vijiwe, akafukia mimba hiyo kwenye mfano wake kabla hajapandisha ukuta hata mmoja, na somo likaeleweka lenyewe. Mwenye "patakatifu" ataieleza vipi ibada hiyo? Atalazimika kuanza na maelezo ya kwamba istilahi yake haihusiki.

Kiswahili nacho hakikuwa na haja ya kuazima. Tunasema mji wa mimba, na kila mkunga, daktari na mama mjamzito analielewa neno hilo. Mji huo ni jina la zamani la mahali mtoto anapokaa tumboni, na kwa sura ni neno lilelile la mji wa watu. Ndugu zetu wa lugha za Kibantu wanalo: Wazulu wana umuzi, Wakikuyu wana mũciĩ, Wachewa wana mudzi, na kote huko ni boma, nyumbani, kijiji, makazi ya watu wa ukoo mmoja. Kiswahili, basi, kinatamka kwa silabi mbili kile ambacho Kisanskriti kilihitaji kuunganisha maneno mawili ili kukitamka: tumbo la uzazi na maskani kwa pamoja. Ni bahati ambayo mtunga istilahi huipata mara chache, na ajabu yangu ni kwamba watu wenye vyeo vya kutosha waliipita wakienda kukopa kwenye hekalu la Yerusalemu.

Najua watakalosema. La kwanza, na lina nguvu, ni kwamba "mji wa hekalu" utaeleweka kuwa mji uliojengwa kuzunguka hekalu, kama Srirangam au Madurai. Ni kweli, ndiyo maana sipendekezi "mji" peke yake. Napendekeza chumba-mji: chumba kinashika nafasi ya griha, mji unashika nafasi ya garbha, na hakuna atakayedhani kwamba chumba kina mitaa na soko. La pili ni hili: eti mwalimu ataona aibu kutaja uzazi darasani. Lakini mji ni neno la staha, na anayeogopa hata hilo aliache somo zima, kwa kuwa kuta za nje za mahekalu ya Khajuraho zina sanamu zitakazomtoa jasho zaidi. La tatu ni kwamba patakatifu pa patakatifu panaeleweka mara moja. Panaeleweka, ila kwa kitu kingine. Chumba cha ndani cha hekalu la Yerusalemu kilifichwa kwa pazia, kuhani mkuu akakiingia siku moja tu kwa mwaka. Katika hekalu la Kihindu kuhani huingia kila siku, na watu huja wasimame mbele ya mlango ili wamwone mungu naye awaone, tendo linaloitwa darshana. Wako pia wanaotaka kuacha "garbhagriha" kama ilivyo. Hao nawaheshimu kidogo zaidi ya kamati, ingawa neno lao litakaririwa kwa ajili ya mtihani tu.

Ushahidi wa mwisho uko kwenye mawe. Mahekalu ya India ya zama za kati yalipanda juu bila tao la kweli: kila safu ya mawe ilichomoza kidogo kuelekea ndani kuliko safu ya chini yake, mpaka pande zikakutana. Mwanafunzi akipanga vipande vya mbao kwa namna hiyo ataona mwenyewe kwamba akichomoza kupita kiasi mbao zinaanguka, na akitaka chumba kipana itambidi apandishe juu mno. Udogo wa chumba-mji, pamoja na unene wa kuta zake, unatokana na uzito wa mawe hayo kama unavyotokana na imani. Katika hekalu la Kandariya Mahadeva, lililojengwa karibu mwaka 1030 na watawala wa Chandela, vilele vidogo vimeegemea kilele kikubwa, kimoja juu ya kingine, hadi kimo cha mita 31 hivi, na chini ya mlima huo wote kuna chumba kimoja cha giza. Jina lenyewe, Kandariya, linatokana na neno la pango. Nimeandika kilele kwa makusudi, maana shikhara, jina la Kisanskriti la sehemu hiyo ya juu ya hekalu, ni kilele cha mlima. Waliokiita mnara ni walewale wa chai, na hesabu yao iko siku nyingine.

Kwa matumizi: chumba-mji, wingi vyumba-mji, ngeli ya KI-VI, kistari kisidondoshwe. Mwalimu achore chini mraba wa vyumba 64, nane kwa nane, kama mpango wa kale uitwao mandala unavyotaka, ampe Brahma vinne vya katikati, na ujenzi uanzie hapo.